Mtoto wa Geti Kali kwenye Chandimu ya Ujiji

Mtoto akikataliwa kwenye mchezo, sisi watu wazima tuna dawa mbili tu. Ya kwanza ni kumwambia aache woga. Ya pili ni kwenda kuwaamuru wenzake wacheze naye. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Kigoma, nimeziona dawa zote mbili zikitumika shuleni na mtaani kwetu Ujiji, na bado sijaona mtoto aliyepona. Wengi wao wala si waoga. Hawajui tu mchezo unaingiwaje, na hilo ni jambo la kufundishwa, kama mtoto anavyofundishwa kufunga kamba za viatu.

Mengi ninayoyajua kuhusu hili nimeyapata kwa mtoto wa dada yangu. Nyumbani tunamwita Babu, kwa sababu amechukua jina la marehemu baba yetu. Alikuja kwetu akiwa na miaka sita, mama yake alipopata nafasi ya kwenda kusoma. Alikuwa amelelewa Dar es Salaam kwenye nyumba ya geti kali: asubuhi gari la shule, jioni katuni na dada wa kazi, geti limefungwa. Alijua kuhesabu mpaka mia na majina ya sayari zote. Alipofika Ujiji akakuta mtaa wa mchanga, miembe, na kundi la watoto wa kila umri ambao wakishatoka shule na madrasa hawaonekani nyumbani mpaka adhana ya magharibi.

Michezo yao haina mtu mzima anayeisimamia. Kuna chandimu ya mpira wa nailoni na matambara uliokazwa kwa kamba. Kuna rede, kombolela, na mdako chini ya mwembe. Sheria ipo, ila haijaandikwa popote, na inabadilika kulingana na nani amekuja siku hiyo. Anayechelewa kuielewa anaambiwa anaharibu mchezo.

Babu aliuharibu kweli. Alikuwa anaegemea ukuta wa jirani muda mrefu, halafu ghafla anachomoka, anaingia katikati ya chandimu na kuudaka mpira kwa mikono. Siku nyingine anamwandama mwenye mpira huku akiuliza, "Mnacheza nini? Goli ni lipi? Kwa nini huyu hana viatu?" Asipojibiwa anatangaza, "Mimi Dar nina baiskeli ya gia." Sasa hiyo nani kamuuliza? Wanampa jibu la neno moja, "Humo!", naye anarudi nyumbani machozi na kamasi vimechanganyika.

Darasani nilikuwa nimeshawaona akina Babu wengi. Na si wa kwetu tu. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Martha Putallaz na John Gottman, walichapisha utafiti kuhusu namna watoto wa shule ya msingi wanavyojiunga na wenzao waliokwisha kuanza kucheza. Wale ambao hawakupendwa sana na wenzao ndio waliokuwa wakijizungumzia, wakiuliza maswali na kupinga kinachoendelea. Walitaka mchezo usimame uwatazame wao. Waliopokelewa vizuri waliingia kwa kufuata kile ambacho wenzao walikuwa tayari wanakifanya. Ungedhani watafiti hao walikaa kwenye baraza yetu wakimwangalia Babu na baiskeli yake ya gia.

Bibi yake hakuwa na muda na watafiti. Jioni moja alitoka jikoni upawa ukiwa bado mkononi, unadondosha mchuzi. "Nyie! Chezeni na mwenzenu! Kwani huyu si mtoto wa watu?" Watoto wa Ujiji wana adabu kwa wazee. Wakaitikia, "Haya bibi, shikamoo bibi," wakamweka Babu golini. Hakupewa pasi. Hakuna aliyemwita jina. Akifungwa wanacheka, akidaka wanakaa kimya. Bibi alipogeuka tu kurudi kwenye sufuria yake, kapteni, kijana wa darasa la tano, akaunyanyua mpira na kusema, "Mechi imeisha," na wote wakahamia uchochoro wa nyuma. Walizichukua hata zile ndala zilizokuwa nguzo za goli. Babu akabaki amesimama pale pale na mikono ameitanua, maana hakuna aliyemwambia kuwa imeisha.

Kisha akaja mjomba wake, kaka yangu anayekaa Mwanga, na suluhisho la kiume: mpira wa ngozi wa dukani. Nilimwambia kama ni mpira basi uwe wa mtaa, ukae kwa kapteni. Akanijibu kuwa mwanamume lazima awe na mali yake. Basi kwa muda Babu akawa sultani. Yeye ndiye anayepanga timu, yeye hatolewi, penalti zote ni zake. Siku alipopigwa mtama na kijana mmoja wa upande wa pili, akajipangusa mchanga, akaukumbatia mpira na kutoa ile kauli ambayo kila aliyecheza chandimu Tanzania hii anaijua: "Mpira wangu, sichezi!" Kesho yake walikuwa wamerudia mpira wao wa nailoni, na nadhani walikuwa na furaha kuliko siku zote za mpira wa ngozi. Babu akabaki na jina: Mwenye Mpira.

Sisemi zawadi ni mbaya. Inafungua mlango kwa siku moja, halafu inamfundisha mtoto kwamba walikuja kwa ajili yake, kumbe walifuata ngozi na hewa.

Ndipo nikamchukua nikakaa naye barazani baada ya alasiri. Nilimwambia, "Leo huingii. Kazi yako ni kutazama, halafu utanisimulia." Nikampa mambo ya kutafuta. Nani akisema jambo linakuwa? Wanasimama lini? Kitu gani kinawasumbua? Watu hudharau mtoto anayesimama pembeni akitazama, wanamwona mnyonge. Lakini kutazama kwa kazi ni kitu kingine kabisa na kutazama kwa huzuni. Macho ya mtoto yana kitu cha kushika, na machozi yanasahau kutoka.

Nilishangaa aliyoyaona. Aliniambia kapteni anapiga kelele tu, ila wakigombana kama goli limeingia au halikuingia, wote wanamgeukia kijana mmoja mwembamba mwenye kofia nyekundu, na akisema "si goli," imekwisha. Mimi nimekaa mtaa ule miaka yote na sikuwa nimeliona hilo. Aliona kuwa mpira unaingia mara kwa mara kwenye mtaro wa maji ya mvua, na kila ukiingia mchezo unasimama kwa ugomvi wa nani akauokote, maana kule kuna chupa na magugu. Na aliona kuwa kila baada ya muda mama wa mtu anaita kutoka uani, mtoto anatumwa dukani, na timu moja inapungua.

"Basi wewe simama karibu na mtaro," nikamwambia. "Mpira ukiingia, toa upesi, mrushie aliye tayari. Usiseme kitu. Habari za Dar ziache humu ndani."

Akafanya hivyo. Mwanzoni hakuna aliyemtazama, walipokea mpira na kuondoka. Nilimwona ananigeukia barazani kama anayeniuliza, nikamwonyesha kwa kidevu aendelee. Baadaye mpira ulipoingia tena, yule wa kofia nyekundu akageuza shingo na kuita, "Dogo, mpira!" Ukishaitwa dogo kwenye chandimu, una kazi. Siku hiyo hakucheza. Ilikuwa jioni nyingine ndipo kijana mmoja alipoitwa na mama yake akanunue mafuta ya mawese, kapteni akaangaza macho huku na huku, akasema bila hata kufikiri, "Dogo wa mtaroni, ziba huku." Babu akaingia. Alicheza vibaya sana. Hakuna aliyejali, kwa sababu walihitaji mtu wa kuziba, na yeye aliziba.

Hapa niseme jambo ambalo wazazi wengi wanalipita. Mtaro si kazi ya maisha. Wapo watoto wanaokuwa waokota mpira mpaka wanamaliza darasa la saba, wanatumwa maji, wanatumwa ndala, na sisi tunafurahi kwamba "anacheza na wenzake." Kwa hiyo nilimpa Babu hatua ya pili: ukiona pengo, sema utafanya nini. "Nazibia kushoto." "Mimi nahesabu magoli." "Nawashikia kamba upande huu." Nilimkataza kuanza na "Nimo?" Swali hilo linaweza kujibiwa na yeyote, hata kitoto kisicho na cheo chochote mchezoni, na mara nyingi anayewahi kujibu ni yule mwenye roho ya korosho. Ila mtoto aliyekwisha simama kushoto na anazuia mipira, kumtoa ni kazi.

Tatizo lililobaki lilikuwa kushindwa. Huyu mtoto alikuwa amecheza na watu wazima maisha yake yote, na watu wazima wa Dar walikuwa wanamwachia ashinde. Akitolewa kwenye rede anasusa, anakaa chini katikati ya uwanja na kununa. Kundi la watoto linaweza kumvumilia mtu asiyejua kucheza. Anayesusa hawamvumilii.

Dawa ilikuwa ni bibi, safari hii bila upawa. Bibi yake ni fundi wa mdako tangu utoto wake. Alichimba kishimo chini ya mwembe wetu, akaweka kokoto, akamfundisha Babu: rusha moja juu, vuta zilizomo, zirudishe uache moja, udake kabla haijaanguka. Halafu akamfunga. Akamfunga tena. Akamfunga huku anacheka, meno yake machache yakionekana yote, "Umekufa wewe, lete kokoto zangu!" Majirani walipita na maneno yao, oh, mtoto wa kiume na mdako. Bibi akawaambia waje nao awafunge. Babu mara ya kwanza alizitupa kokoto mbali. Bibi hakumkemea wala hakumbembeleza, aliziokota na kuendelea kucheza peke yake, zamu yake na zamu ya Babu, mpaka mwenyewe akarudi. Nilichokipenda ni kwamba alimwona bibi naye akidondosha, akisema "Ah! Nimekufa," na kusogea kidogo ampishe. Mtoto alikuwa hajawahi kumwona mtu mzima akishindwa kweli na kubaki na furaha yake.

Mimi upande wangu nilimfanyisha mazoezi na binti wa jirani, mmoja tu. Kabla ya kucheza tunazungumza jambo moja, kwa mfano leo tunafanyia kazi kumsifu mwenzako akikwepa vizuri. Wanacheza rede ndogo. Kisha tunakaa: ulimsifu lini? Alifanyaje? Huo utaratibu sikuubuni. Mwaka 1977 Sherri Oden na Steven Asher waliwafundisha hivyo hivyo watoto wa darasa la tatu na la nne huko Marekani, watoto ambao wenzao hawakuwachagua kucheza nao: maelezo mafupi, mchezo na mwenzake mmoja, kisha mazungumzo. Wenzao walianza kuwataka zaidi kwenye michezo, na walipofuatiliwa mwaka mmoja baadaye hali ilikuwa bado inapanda. Mimi naongeza tu karanga za kuchemsha kwenye mazungumzo. Mtoto anayetafuna hujitetea kidogo.

Na bado alikataliwa, mara nyingi tu. Hilo nilitaka alizoee mapema. William Corsaro, mwanasosholojia wa Marekani aliyekaa kwa muda mrefu sakafuni na watoto wa shule ya awali kule California miaka ya 1970, aliona kuwa watoto huwazuia wenzao wanaotaka kuingia hata pale ambapo hakuna uadui wowote. Mchezo wao unavunjika haraka. Wameshakubaliana nani ni nani, jiko liko wapi, na wanajua mtu mpya anaweza kuvuruga yote, kwa hiyo wanaulinda. Nilipomweleza Babu kwa maneno yake, kwamba "humo" mara nyingi maana yake ni kuwa mchezo umejaa, alinitazama kwa mashaka. Lakini akaanza kusema, "Haya, unaofuata," na kwenda kwenye mdako badala ya kuja kulia. Aliyekataliwa akaondoka bila kisirani anakumbukwa vizuri zamu inayofuata.

Shuleni nilikuwa na kesi ya upande mwingine, msichana ambaye hakujua kusubiri. Wenzake wakicheza baba na mama, wamepanga vifuu na mikebe, wamesonga ugali wa udongo, yeye anatua katikati na kusema, "Mimi mama!" Mama yupo. Ugomvi unaanza, kifuu kinapigwa teke, ugali unamwagika. Kumwambia "subiri zamu yako" kulikuwa hakusaidii kitu, kwa sababu kwenye mchezo ule zamu haipo, mama ni mama mpaka kengele ilie. Nikamvuta pembeni nikamuuliza, "Nyumba ile ina nini, na haina nini?" Akahesabu: mama yupo, baba yupo, mtoto yupo, ugali upo. "Mboga?" Akanyamaza. Akaenda kuchuma majani, akayakunjia kwenye karatasi, akasimama mahali ambapo mlango ungekuwepo, wala hakuvuka. "Hodi! Dagaa wa leo! Fungu mia tano!"

Ndani kimya kidogo. Kisha yule mama akajifuta mikono kwenye sketi. "Karibu. Mbona ghali?"

"Ziwa limechafuka, mama."

Sikumfundisha hilo la ziwa kuchafuka. Walivutana bei mpaka mia tatu, akaambiwa akae ale. Kesho yake alikuwa shangazi aliyekuja kutoka Kasulu. Tangu hapo swali la "haina nini" ndilo ninalolitumia zaidi kuliko yote, na linafanya kazi kwa watoto wa miaka minne.

Ila kuna kukataliwa ambako hakuhitaji ufundi wowote wa mtoto, na hapo nakuwa mkali. Kama anakataliwa huyo huyo kila siku, na kwa tusi, kwa sababu ya mguu wake, ngozi yake, nguo zake au kwa kuwa Kiswahili chake kina Kiha kingi, kumfundisha yeye namna ya kuingia ni kumtwika mzigo usio wake. Nilikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa mguu, na wenzake walimpa jina ambalo sitaliandika. Huyo sikumfundisha kitu. Nilikaa na waliokuwa wanamwita, na nilikwenda kwa wazazi wao, maana jina lile lilitokea kwa mtu mzima. Kisha nikatazama michezo yenyewe. Kwenye rede wawili wanasimama pande mbili kurusha, na wa katikati ndio wanaokimbia na kukwepa. Mrushaji hahitaji miguu, anahitaji shabaha. Yule mtoto ana shabaha ya kutisha. Ilipofika wiki ya mitihani ya wakubwa, tukiwa tumehamishiwa chini ya mti, nilisikia watoto wanagombania awe upande wao.

Babu sasa yuko darasa la pili. Usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nyumbani kwa sababu taa za mitumbwi hazifui dafu mbele ya mwezi, mtaa wote unacheza kombolela, na baba za watu wamekaa nje wanazungumza. Nasikia sauti yake ikipiga kelele za kukomboa wenzake, na nasikia pia matusi machache aliyoyaokota kwenye chandimu, ambayo tunayashughulikia.

Mama yake anamaliza masomo na anataka kumrudisha Dar. Alinipigia simu akiuliza nyumba ya geti itakuwaje. Nikamwambia, dada, usianze na kundi. Tafuta mtoto mmoja katika wapangaji, mwite aje kati ya alasiri na magharibi, wape kitu cha watu wawili kama kamba au kokoto, uwaondoe kabla hawajachokana, na tivii iwe imezimwa. Akishazoeana na huyo mmoja, waende wote wawili kwa wa tatu. Wawili wanaingia mchezo kwa urahisi kuliko mmoja. Akasema wapangaji wa pale hata salamu hawapeani, na ufunguo wa geti dogo anao mwenye nyumba. Nikamwambia basi aanze na mwenye nyumba, ana wajukuu.